Nafuu Ikishapatikana: Historia ya Kupunguza Dawa za Baridi Yabisi

Septemba 1948, katika mji wa Rochester, jimbo la Minnesota nchini Marekani, mwanamke wa miaka 29 alikuwa amelazwa hospitalini akiwa hajiwezi. Kumbukumbu za kitabibu humtaja kwa jina la Bi. G tu. Alikuwa ameugua baridi yabisi kwa zaidi ya miaka minne, na matibabu aliyopewa yalikuwa yamegonga mwamba. Tarehe 21 ya mwezi huo, madaktari wa Mayo Clinic waliokuwa chini ya Philip Hench walimdunga miligramu 100 za kitu kilichoitwa wakati huo Kiambata E. Siku mbili baadaye alikuwa akijigeuza kitandani bila taabu. Siku ya nne alitembea, akichechemea kidogo tu. Wiki moja tangu sindano ya kwanza alitoka kwenda mjini, akazunguka madukani kwa saa tatu.

Kiambata hicho ndicho kortisoni. Mwaka 1950 Hench, mkemia Edward Kendall na Mswisi Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel, na magazeti yakaandika kana kwamba baridi yabisi imekwisha duniani.

Haikuwa imekwisha. Sindano zilipositishwa, maumivu na uvimbe vilirudi kwa wagonjwa wale wale waliokuwa wameinuka vitandani. Zilipoendelea, yakaja mengine: uso kuvimba ukawa wa mviringo, mifupa kudhoofu, akili kuvurugika. Kwa mara ya kwanza madaktari wa viungo walikuwa na dawa yenye nguvu kiasi cha kuwalazimisha waulize swali ambalo kabla ya hapo halikuwa limewabana hivyo: mgonjwa akishapata nafuu, dawa ipunguzwe lini, na kwa kiasi gani?

Kwa muda mrefu kabla ya hapo hapakuwa na cha kupunguza. Baridi yabisi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili humgeukia mwenyewe na kushambulia utando laini wa ndani ya viungo. Vidole huvimba pande zote mbili, asubuhi mikono hukakamaa, na kadiri miaka inavyokwenda mfupa huliwa. Mwaka 1876 daktari Thomas Maclagan wa Dundee, Uskoti, alieleza jinsi salisini, iliyotokana na gome la mti wa mwerebi, ilivyowasaidia wagonjwa wa homa ya viungo. Kutoka katika ukoo huo wa dawa ikaja aspirini. Lakini aspirini ilituliza maumivu tu na kuacha ugonjwa uendelee na kazi yake. Mgonjwa aliinywa alipoumwa, akaiacha alipojisikia vizuri, na hakuna aliyehitaji kikao cha wataalamu kuamua jambo hilo.

Dhahabu ndiyo iliyoleta utaratibu. Mwaka 1929 Mfaransa Jacques Forestier alitangaza kwamba chumvi za dhahabu huwasaidia wenye baridi yabisi. Alizijaribu kwa sababu zilikuwa zikitumika kutibu kifua kikuu, naye aliona magonjwa hayo mawili yanafanana. Dhana hiyo ilikuwa na kasoro, lakini dawa ilifanya kazi. Ratiba iliyozoeleka baadaye ilikuwa miligramu 50 kila wiki mpaka jumla ifike gramu moja. Hapo, kama mgonjwa alikuwa na nafuu, sindano zilitandazwa: kila wiki mbili, kisha tatu, kisha nne. Kutandaza sindano badala ya kuzikata ghafla kulianza kama desturi ya zahanati, zamani kabla ya utafiti wowote kuipima.

Ni mwaka huo huo wa 1929 ambapo Hench alisikia jambo lililompeleka kwenye kortisoni. Mgonjwa wake, daktari mwenye umri wa miaka 65, alimweleza kwamba alipopatwa na ugonjwa wa ini uliomfanya macho na ngozi kuwa njano, maumivu ya viungo yalitoweka, na nafuu ikadumu hata baada ya unjano kuisha. Hench akaanza kukusanya visa vya namna hiyo. Mwaka 1938 aliandika pia kuhusu wanawake ambao baridi yabisi ilitulia walipokuwa wajawazito na kurudi baada ya kujifungua. Alihitimisha kwamba mwili wenyewe una uwezo wa kuuzima ugonjwa huu kwa muda. Neno la kushika hapo ni muda, maana karibu kila jaribio la kupunguza dawa lililofuata liligongana nalo.

Kortisoni na ndugu yake aliyekuja baadaye, prednisoloni, viliwafundisha madaktari somo la pili. Mwili una tezi mbili ndogo juu ya figo zinazotengeneza homoni ya aina hiyo kila siku. Mtu akimeza prednisoloni kwa muda mrefu, tezi hizo huacha kufanya kazi kwa kuwa mwili unaletewa kutoka nje. Dawa ikikatwa ghafla, tezi hazizinduki siku hiyo hiyo. Mgonjwa anaweza kuishiwa nguvu, shinikizo la damu likashuka, akatapika, hata akafa. Ndipo ikazaliwa sanaa ya kushuka polepole: miligramu chache, kisha kusubiri, kisha chache tena. Miligramu 100 za kortisoni alizodungwa Bi. G ni sawa na takriban miligramu 20 za prednisoloni. Leo daktari anayempa mgonjwa dozi kama hiyo anatarajiwa kuwa na mpango wa kuishusha tangu siku anayoiandika.

Wakati huo huo dawa nyingine iliingia kupitia mlango ambao haukutarajiwa, yaani malaria. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia askari walimezeshwa mepakrini ili wasiugue malaria, na baadhi yao wenye magonjwa ya ngozi na viungo wakaona nafuu. Mwaka 1951 daktari Page wa Uingereza aliandika habari za wagonjwa waliopata nafuu kwa dawa hiyo, na njia ikafunguka kwa klorokwini na haidroksiklorokwini. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua vizuri klorokwini. Ilikuwa katika karibu kila nyumba mpaka vimelea vya malaria vilipoizoea, Kenya ikaiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwishoni mwa miaka ya 1990 na Tanzania mwaka 2001. Ndugu yake, haidroksiklorokwini, ilibaki katika kliniki za viungo. Ni dawa ya upole, ingawa anayeitumia kwa miaka mingi hupaswa kupimwa macho, na mara nyingi ndiyo inayobaki mkononi mwa mgonjwa wakati nyingine zimeshapunguzwa.

Lakini kwa miongo mitatu baada ya kortisoni, wagonjwa wengi hawakufika pa kupunguza. Matibabu yalipangwa mfano wa piramidi: chini kabisa aspirini na mapumziko, juu yake dhahabu au dawa ya malaria, na dawa kali kileleni. Mgonjwa alipandishwa ngazi moja baada ya nyingine, miaka ikapita, na vidole vikapinda kabla hajafika juu. Wengi waliacha dawa kwa sababu ziliwadhuru au ziliacha kufanya kazi. Waliotulia walikuwa wachache, na waliotulia kwa muda mrefu wachache zaidi.

Methotreksati ndiyo iliyoipindua piramidi hiyo. Ilitokana na dawa za saratani. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston aliripoti kuwapa watoto wenye saratani ya damu aminopterini, na mwaka 1951 Richard Gubner aliona dawa hiyo ikituliza viungo. Hata hivyo ilichukua zaidi ya miaka 30 kwa methotreksati, ndugu wa aminopterini, kupimwa ipasavyo. Mwaka 1985 Michael Weinblatt na wenzake wa Boston walionyesha kwamba dozi ndogo inayomezwa mara moja kwa wiki hupunguza uvimbe, na mwaka 1988 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu kwa baridi yabisi. Katika utafiti wa Weinblatt wagonjwa walibadilishana: walioanza na dawa halisi wakahamia vidonge visivyo na dawa, na waliohamia huko wakaona ugonjwa ukirudi. Mwaka 1987 Joel Kremer na wenzake wa Albany, New York, walisitisha methotreksati kwa kundi dogo la watu walioitumia kwa muda mrefu na kufaidika nayo. Ugonjwa ulichachamaa vibaya.

Jaribio kubwa la kwanza la kuacha dawa kwa makusudi lilitoka Uholanzi. Mwaka 1996 kundi la ten Wolde lilichapisha matokeo ya wagonjwa 285 waliokuwa wamenufaika kwa muda mrefu na dawa za aina mbalimbali, zikiwamo dhahabu, klorokwini na methotreksati. Kwa kura, nusu yao waliendelea na dawa na nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa, bila kujua nani yuko wapi. Baada ya wiki 52 ugonjwa ulikuwa umerudi kwa asilimia 38 ya walioachishwa na asilimia 22 ya walioendelea.

Takwimu hizo zilimpa kila mtu alichokitaka. Aliyeogopa kuacha aliona hatari karibu mara mbili. Aliyetaka kuacha aliona kwamba zaidi ya nusu walipita mwaka mzima salama bila dawa, na kwamba hata waliomeza dawa kwa uaminifu hawakuwa na kinga kamili. Swali likabadilika: je, inawezekana kuwatambua mapema wale wasioihitaji tena?

Ili kujibu, ilibidi kwanza wakubaliane nafuu ni nini. Hapo awali daktari alimwuliza mgonjwa anajisikiaje, akabonyeza vidole, akaandika maoni yake. Madaktari wa Nijmegen, Uholanzi, ndio waliotengeneza kipimo kilichoenea kuliko vyote, na mwaka 1995 kikafupishwa kuwa DAS28. Namba 28 ni viungo vinavyobonyezwa: mabega mawili, viwiko viwili, vifundo vya mikono viwili, magoti mawili, viungo 10 vya mashina ya vidole vya mikono na 10 vya katikati ya vidole hivyo. Kwa kila kimoja huulizwa maswali mawili: kinauma kikibonyezwa? Kimevimba? Halafu damu hupimwa, na mgonjwa hutia alama kwenye mstari wa milimita 100 kuonyesha hali yake kwa ujumla. Hesabu ikishuka chini ya 2.6, ugonjwa huhesabiwa kuwa umetulia.

Kasoro yake ni kwamba nyayo na vifundo vya miguu havimo. Mtu anaweza kupata alama nzuri huku nyayo zimevimba asiweze kuvaa viatu. Mwaka 2011 vyama vya wataalamu wa viungo vya Marekani na Ulaya vilitoa masharti makali zaidi: kiungo kinachouma kisizidi kimoja, kilichovimba kisizidi kimoja, kipimo cha uvimbe katika damu kiwe cha chini, na mgonjwa mwenyewe ajipe alama isiyozidi 1 kati ya 10. Mwaka 2022 sharti hilo la mwisho lililegezwa likawa 2, kwa sababu watu wengi waliotulia kabisa walikwama kwenye alama yao wenyewe, ambayo huguswa pia na uchovu au maumivu yasiyohusiana na baridi yabisi.

Kipimo kilipopatikana, kupunguza dawa kukawa sehemu ya mpango. Utafiti uliojulikana kama BeSt ulianza Uholanzi mwaka 2000 ukiwa na wagonjwa 508 wapya. Kila miezi mitatu viungo vilihesabiwa. Hesabu ikiwa mbaya, dawa iliongezwa. Ikiwa nzuri kwa miezi sita mfululizo, ilipunguzwa, na aliyebaki na dozi ndogo huku ugonjwa umetulia kwa miezi sita zaidi aliachishwa. Katika miaka mitano ya kwanza, 115 kati ya wale 508 walifikia hali ya kutulia bila dawa yoyote. Kati yao, asilimia 46 walilazimika kuanza tena, nusu ya hao ndani ya miezi mitano. Takriban nusu ya wale 115 waliendelea bila dawa kwa muda wa karibu miaka miwili kwa wastani. Hakuna kizazi cha wagonjwa kabla yao kilichokuwa na habari za namna hiyo.

Kufikia hapo dawa mpya zilikuwa zimeingia. Mwaka 1992, katika Hospitali ya Charing Cross, London, Ravinder Maini na Marc Feldmann walimtia mgonjwa wa kwanza dripu ya kingamwili iliyotengenezwa maabara kuzuia TNF, kemikali ambayo mwili huitumia kuchochea uvimbe. Wagonjwa 20 wa kwanza walipata nafuu ya haraka, na dawa ilipoisha mwilini ugonjwa ukarudi. Ilikuwa hadithi ya kortisoni tena, safari hii kwa kitu ghali mno. Dawa hiyo ndiyo infliksimabu. Pamoja na ndugu zake, etanasepti na adalimumabu, ilibadili maisha ya watu wengi katika nchi zilizoweza kuilipia.

Gharama ilikuwa sababu moja ya kutaka kupunguza. Sababu nyingine ilikuwa maambukizi. Mwaka 2001 madaktari wa Marekani walitangaza visa 70 vya kifua kikuu kwa watu waliotumia infliksimabu, vingi vikiwa vimejitokeza mapema baada ya kuanza dawa. TNF hiyo hiyo inayochochea uvimbe wa viungo ndiyo inayosaidia kuvifungia vimelea vya kifua kikuu mwilini. Katika nchi kama Kenya na Tanzania, ambako kifua kikuu ni ugonjwa wa kila siku, hilo si jambo la pembeni.

Majaribio yakafuatana. Utafiti wa PRESERVE, uliochapishwa mwaka 2013, uliwagawa wagonjwa 604 waliokuwa wametulia kwa etanasepti pamoja na methotreksati. Baada ya mwaka mmoja, kati ya waliobaki na miligramu 50 kwa wiki, asilimia 82.6 walikuwa bado vizuri. Waliopunguziwa hadi 25 walikuwa asilimia 79.1. Walioachishwa kabisa walibaki asilimia 42.6. Tofauti kati ya dozi kamili na nusu dozi ilikuwa ndogo. Kati ya nusu na sifuri ilikuwa kubwa sana.

Madaktari wa Nijmegen wakaenda mbele zaidi. Katika utafiti wa DRESS uliochapishwa mwaka 2015, wagonjwa 180 waligawanywa, na walio katika kundi la kupunguza walitandaziwa sindano hatua kwa hatua kila baada ya miezi mitatu. Adalimumabu ya kila siku 14 ikawa ya kila siku 21, kisha 28, kisha ikaachwa. Ugonjwa ukirudi, mgonjwa alirejeshwa hatua iliyomfaa. Baada ya miezi 18, asilimia 20 walikuwa wameacha kabisa, asilimia 43 wanatumia kidogo kuliko awali, na asilimia 37 wamerudi walikoanzia. Mripuko mkubwa wa kudumu ulikuwa karibu sawa katika makundi yote mawili. Ratiba hiyo inamkumbusha mtu sindano za dhahabu, isipokuwa sasa kila hatua ilikuwa na kipimo nyuma yake.

Waliodhani jambo limeamuliwa walirudishwa nyuma na Wanorwei. Katika utafiti wa ARCTIC REWIND, mwaka 2021, watu waliotulia kwa methotreksati na dawa nyingine za kawaida walipopunguziwa nusu, asilimia 25 ugonjwa ulirudi ndani ya mwaka, dhidi ya asilimia 6 ya walioachwa na dozi kamili. Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya dawa za kuzuia TNF: walipewa nusu dozi kwa miezi minne, kisha wakaachishwa, na asilimia 63 ugonjwa ukarudi, dhidi ya asilimia 5. Utafiti wa RETRO wa Ujerumani ulionyesha ngazi ile ile mwaka 2021: waliobaki salama walikuwa karibu asilimia 81 kwa walioendelea, 59 kwa waliopunguza na 43 kwa walioacha.

Kwa prednisoloni picha ni tofauti. Utafiti wa SEMIRA wa mwaka 2020 uliwachukua watu 259 waliokuwa wametulia huku wakimeza miligramu 5 za prednisoni, dawa ya ukoo huo huo, kwa siku pamoja na dawa nyingine. Asilimia 77 ya walioendelea walibaki vizuri; walioshuka hadi sifuri walikuwa asilimia 65. Yaani karibu wawili kati ya watatu waliweza kuiacha. Kwa kuwa madhara yake kwa mifupa, sukari na macho yanaongezeka kadiri miaka inavyokwenda, hiyo ndiyo dawa ya kwanza kuondoka.

Miongozo ya leo imejengwa juu ya majaribio haya. Wamarekani, mwaka 2021, walishauri dozi ibaki ilivyo kuliko kupunguzwa, na ipunguzwe kuliko kuachwa, tena kwa mtu aliyetulia miezi isiyopungua sita. Wataalamu wa Ulaya, katika mwongozo wa mwaka 2022, wako wazi kidogo zaidi: prednisoloni ikishaondoka na nafuu ikishakaa, dozi ya dawa nyingine inaweza kufikiriwa kushushwa. Wote wanakubaliana kwamba kupunguza ni jambo moja na kuacha ni jingine. Tafiti pia zimeonyesha kwamba wenye kingamwili maalumu za baridi yabisi katika damu wako katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kurudi.

Afrika Mashariki ina aina yake ya kupunguza dawa, na mara nyingi haiamuliwi kwenye kliniki. Mgonjwa hupunguza kwa sababu hela imeisha, kwa sababu dawa haipo dukani, au kwa sababu amejisikia vizuri akaona yametosha. Mwaka 2020, haidroksiklorokwini iliposifiwa kuwa tiba ya korona, wagonjwa wa viungo katika nchi nyingi walijikuta wakihangaika kuipata. Kwa upande mwingine, prednisoloni inanunuliwa kwa urahisi, na wapo wanaoimeza miezi kwa miezi bila aliyewaandikia kujua. Kwa mtu kama huyo, kuikata ghafla kunaweza kuwa hatari kuliko baridi yabisi yenyewe.

Kwa aliyetulia na anayetaka mzigo upungue, miaka tangu Bi. G inatoa ushauri usio na fumbo. Nafuu ihesabiwe kwa viungo na damu, na iwe imekaa angalau miezi sita. Prednisoloni itangulie, tena polepole. Kisha ipunguzwe dawa moja tu kwa wakati, nusu kabla ya sifuri. Wengi ambao ugonjwa huwarudia hutulia tena dozi kamili ikirudishwa mapema, lakini si wote. Kwa hiyo, kabla ya kuacha hata kidonge kimoja, kubaliana na daktari wako tarehe ya kuhesabiwa viungo tena, na njia ya kumpata iwapo vidole vitaanza kuvimba kabla ya tarehe hiyo.